Upimaji wa mitishamba dhidi ya saratani, Nairobi
Ni kazi ya maabara ya kubaini kama dondoo ya mmea huua seli za saratani. Jijini Nairobi hufanywa katika taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, na katika Chuo Kikuu cha Nairobi, bewa la Chiromo. Kwanza mmea hutambuliwa jina lake la kisayansi, kwani jina moja la kienyeji huweza kubeba miti mitatu.

Magome hukaushwa kivulini, husagwa, kisha hulowekwa kwa maji au methanoli. Dondoo hutiwa kwenye sahani ya vishimo 96 vyenye seli, mathalani HeLa, zilizotoka kwa Mmarekani Henrietta Lacks mwaka 1951. Baadaye huongezwa kemikali ya MTT, ya manjano: seli hai huigeuza zambarau. Kishimo kikibaki manjano, seli zimekufa. Lakini tusishangilie mapema; sumu yoyote huua seli, ndiyo maana seli zisizo za saratani, kama Vero, hupimwa sambamba.

Mfano wa sumu hiyo upo: miaka ya 1970 mmea wa Maytenus wa Shimba Hills, Kenya, ulivunwa kwa ajili ya watafiti wa Marekani. Kemikali yake, maitansini, ilipojaribiwa iliwadhuru mno wagonjwa. Kemikali ya jamii hiyo, ikiwa imefungwa kwenye kingamwili, iliidhinishwa Marekani mwaka 2013 kutibu saratani ya matiti.