Skrubu Nne

Mjomba aliniita Tanga nimsaidie kuuza besi. Kwenye simu aliongea kama mtu anayeuza shamba la ukoo: "Ni Fender ya sitini na sita, ya Marekani kweli kweli. Usikubali bei ya njaa." Nyumba yake ilikuwa imesimama kwenye lenta tangu 2019.

Mnunuzi alikuwa Nairobi. Alitaka picha za kichwa cha gitaa, za bati lenye namba, na za ndani.

Za kichwani hazikusaidia. Nembo ilifutika zamani. Nyuma, pale shingo inapokutana na mwili, kulikuwa na bati dogo lililoshikwa na skrubu nne, lenye tarakimu sita na herufi F kubwa. Bati la aina hiyo lilianza kutumika 1965, kwa hiyo mpaka hapo Mjomba alikuwa salama.

Leo Fender mwenyewe hakuwa mpiga gitaa. Alikuwa fundi redio wa Fullerton, California. Alipoingiza sokoni Precision Bass mwaka 1951, wapiga besi wengi bado walibeba besi ya kusimama, kubwa kuliko mtu, ambayo sauti yake ilimezwa na ngoma na matarumbeta. Yeye akaweka besi begani, akaitia umeme, na shingoni akapanga vyuma ili kidole kiangukie sauti sahihi. Ndiyo maana ya hilo jina, Precision. Lakini mimi naona jambo kubwa zaidi lilikuwa zile skrubu. Mafundi wa magitaa walizoea kubandika shingo kwa gundi. Fundi redio akaifunga kwa skrubu, kwa sababu alijua kila kifaa kitarudi mezani siku moja. Shingo ikipinda, toa, weka nyingine.

Uamuzi huo mzuri ndio unaowatesa wanunuzi wa besi za zamani leo. Anayeweza kubadili shingo anaweza kubadili na bati. Hata kiwandani mabati yalichotwa sandukuni bila kufuata foleni, kwa hiyo namba hukupa makadirio tu. Na mwaka ni pesa: Januari 1965 Leo aliuza kampuni yake kwa CBS kwa dola milioni 13, na magitaa ya kabla ya hapo huuzwa ghali zaidi.

Nikachukua bisibisi. Mgongoni mwa volumu niliikuta namba 1376633. Hii husomeka hivi: 137 ni mtengenezaji, CTS, 66 ni mwaka, 33 ni wiki. Besi haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Mjomba alitabasamu kabla sijamaliza kueleza.

Kisha nikatoa shingo. Kwenye kisigino chake, mahali ambapo Fender walipiga muhuri wa tarehe, palikuwa patupu. Matundu ya skrubu yalikuwa yamezibwa kwa njiti za kiberiti, na mengine yametobolewa pembeni.

"Mjomba, hii shingo?"

Alikaa kimya kidogo. Basi la bendi lilitumbukia mtaroni, akasema, shingo ikavunjika, mwenye bendi akatafuta ya gitaa la Kijapani.

Nilijaribu kumfariji kwa historia. Miaka ya sabini kiwanda cha FujiGen, mjini Matsumoto, kilikuwa kikitengeneza nakala za magitaa ya Kimarekani kwa majina kama Greco na Ibanez. Mwaka 1982 Fender wenyewe wakakipa kazi ya kutengeneza Fender za Japani. Waliokuwa wakiiga wakawa wenyewe. Mjomba hakufarijika.

"Unajua nilivyoipata?"

Nilidhani najua. Nilisoma kwamba zamani wanamuziki wengi wa dansi hawakumiliki vyombo. NUTA Jazz, iliyoanzishwa 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na wapigaji wake walikuwa waajiriwa. Bendi ya Mjomba ilikuwa ya mfanyabiashara. Ilipovunjika, mishahara ya miezi kadhaa haikulipwa. Kila mmoja akaondoka na alichokuwa amekishika siku hiyo.

"Sasa ukimwandikia huyo bwana kwamba shingo ni ya Kijapani," akasema, "unanikata mshahara."

Nilitoka nje nikakaa barazani na simu mkononi. Ingewezekana kabisa kutuma picha za mwili na volumu tu, na kuirudisha shingo mahali pake. Jioni nikamwandikia: mwili na nyaya ni za miaka ya sitini, shingo ilibadilishwa, ya Kijapani. Nikaambatanisha picha ya njiti za kiberiti.

Akakata bei zaidi ya nusu. Mjomba alisoma ujumbe mara mbili, akaniambia niiweke shingo vizuri, skrubu zikazwe kwa mshazari. Kisha akaipiga kama saa nzima bila spika, sikio lake likiwa karibu kugusa ubao.

Hela ilifika Ijumaa. Imetosha mabati na kenchi, milango bado.