Oili, Filta na Haidroliki: Asili ya Istilahi Tatu za Trekta

Neno "haidroliki" limetokana na maneno mawili ya Kiyunani yenye maana ya maji na mrija. Asili hiyo ilikuwa na sababu: shinikizo la Joseph Bramah wa Uingereza, lililopewa hataza mwaka 1795, lilitumia maji hasa. Katika trekta, kinyume chake, maji ndiyo adui. Yakiingia, oili hugeuka rangi ikawa kama maziwa, na pampu huanza kulika.

Sanya Juu neno hili liliingia pamoja na trekta, katika ukanda wa mashamba makubwa ya ngano ya walowezi, ambako baadaye Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula (NAFCO), lililoundwa 1969, liliendesha kilimo hicho. Huko gerejini "haidroliki" ni mikono inyanyuayo jembe, ni mtambo mzima, tena ni oili yenyewe. Mwenye kusema "haidroliki imekwisha" yampasa aulizwe ni ipi.

Zamani mkanganyiko huo haukudhuru sana. Katika trekta la Ferguson TE20, lililoundwa kati ya 1946 na 1956, oili moja ilihudumia giaboksi, difu na mikono. Matrekta madogo ya leo, hasa yale ambayo mwendo wake wenyewe huendeshwa kwa haidroliki, hayavumilii oili yoyote ipatikanayo dukani. Hutaka ile iliyotajwa kitabuni.

Watafsiri wengi huandika "mafuta ya haidroliki". Sisi twaona fundi amewatangulia: kwake mafuta ni dizeli, iunguzwayo, oili ni kilainisho. Tofauti hiyo ni ya Kiswahili safi cha kazi, na hatuoni sababu ya kuifuta.

Lenye hatari zaidi ni "chujio". Chujio la chai huoshwa likarudishwa, na ndivyo ulivyofanyiwa wavu wa waya wa matrekta ya zamani: uliwekwa ndani ya dizeli, ukasuguliwa, ukarejeshwa. Filta ya karatasi ndani ya kopo haioshwi. Kitabu kikisema "safisha chujio" mahali pa "badili filta", msomaji mtiifu ataosha karatasi, na vipande vyake vitakwenda pampuni.

Kwa hiyo twapendekeza maneno yote mawili yasanifishwe, kila moja na kitenzi chake: chujio huoshwa, filta hubadiliwa. Maelekezo nayo yaandikwe hivi: teremsha mikono, zima injini, mwaga oili ingali vuguvugu, paka oili mpya kwenye mpira wa filta, ikaze kwa mkono, jaza, washa, nyanyua na kuteremsha mikono, kisha uizime tena na kupima kwa kijiti.