Dola Kuu Hupimwa kwa Nini? Tumesoma Novemba 1956



Juzi pale tunapochajia simu palizuka ubishi: nani dola kuu wa dunia? Mmoja wetu akasema ni mwenye mabomu mengi. Fundi redio akakataa, ati ni mwenye pesa. Mama mmoja aliyekuwa anasubiri simu yake akatuuliza, "Hivyo wanangu, huyo mnayembishania ndiye anayeamua unga wetu?" Tulicheka, halafu tukanyamaza. Basi tuliosoma historia sekondari tukakaa chini, tukatafuta jibu. Hili hapa.

Tuanze na jina lenyewe. Mwaka 1944, vita vya pili havijaisha, msomi wa Marekani William T. R. Fox alitoa kitabu kuhusu mataifa ambayo nguvu zao zinafika kila upande wa dunia. Alitaja matatu: Marekani, Muungano wa Kisovieti na Uingereza. Sisi tumeamua kumfuata Uingereza, maana yeye ndiye aliyetoka kwanza kwenye orodha. Ukitaka kujua nyumba inasimama kwa nguzo ipi, angalia ile iliyoanguka.

Wakati ule ukubwa ulipatikanaje? Tumeona njia tatu.

Ya kwanza ni viwanda. Vita vilibomoa miji ya Ulaya na Urusi, lakini viwanda vya Marekani havikuguswa. Vilitoka vitani vikiwa vikubwa kuliko vilivyoingia.

Ya pili ni silaha. Hapa sisi tuliotoka Congo tusome polepole. Sehemu kubwa ya urani ya mradi wa bomu la atomiki la Marekani ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga. Bomu likaangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Congo ilikuwa koloni la Ubelgiji, kwa hiyo waliochimba hawakuulizwa kitu. Nguvu ya mwingine ilitoka kwenye udongo wetu, na sisi hatukuwa mezani.

Ya tatu ni kuandika kanuni. Julai 1944 wajumbe wa nchi 44 walikutana Bretton Woods, Marekani. Dola ikawekwa kuwa kipimo cha fedha nyingine, wakia moja ya dhahabu kwa dola 35, na likaundwa Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, makao yake Washington. Mwaka uliofuata, San Francisco, mataifa matano yakapata viti vya kudumu kwenye Baraza la Usalama pamoja na kura ya veto. Na mkataba wenyewe haubadilishwi bila wote watano kukubali. Huko ndiko kuutunza ukubwa: unafunga mlango, ufunguo unaweka mfukoni.

Sasa Uingereza ilikuwa na karibu vyote. Ilishinda vita, ilikuwa na kiti na veto, ilitawala Kenya, Uganda na Tanganyika, na Oktoba 1952 ikalipua bomu lake la atomiki. Ilikosa nini? Hela. Vita vilimaliza akiba yake. Desemba 1945 ilikubaliana na Marekani mkopo wa dola bilioni 3.75, na deni hilo lilimalizika kulipwa mwisho wa mwaka 2006. Ndiyo, 2006.

Tuje Misri. Mfereji wa Suez ulikuwa mikononi mwa kampuni yenye wenye hisa wengi Waingereza na Wafaransa. Julai 1956 Marekani ilifuta ahadi ya kusaidia ujenzi wa bwawa la Aswan. Siku chache baadaye, tarehe 26, Rais Nasser akatangaza kwamba mfereji sasa ni mali ya taifa, na mapato yake yatajenga bwawa. Uingereza na Ufaransa zikapatana kwa siri na Israeli. Oktoba 29 Israeli ikaingia Sinai. Kesho yake Baraza la Usalama likataka vita visimame, Uingereza na Ufaransa zikapiga veto. Kisha ndege zao zikaanza kushambulia Misri, na Novemba 5 wanajeshi wa miavuli wakatua Port Said.

Kijeshi walikuwa wanashinda. Lakini hawakuwa wamemwambia Eisenhower, Rais wa Marekani, naye akakasirika. Hakutuma hata askari mmoja. Alichofanya ni kukataa. Wafanyabiashara walikuwa wanaikimbia paundi, Uingereza ikataka fedha za IMF, Marekani ikakataa kuunga mkono mpaka vita vikome. Misri ilikuwa imezamisha meli mferejini, mafuta yakawa shida Ulaya, na Marekani haikuharakisha kuyaziba mapengo. Moscow nayo ilituma barua ya vitisho yenye kutaja maroketi. Novemba 6, siku moja tu baada ya askari kutua, Uingereza ikakubali kusimamisha vita. Desemba mkopo ukapita, na kabla ya Krismasi askari wake wakawa wameondoka. Januari 1957 Waziri Mkuu Eden akajiuzulu.

Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Tungeongeza: hata ukiwa umeshika bomu.

Lakini tusidhani wiki ile ilikuwa ya haki tupu. Novemba 4 vifaru vya Kisovieti viliingia Budapest, Hungary, kuzima watu waliotaka uhuru. Moscow nayo ikapiga veto. Aliyemzuia Mwingereza kwa mkopo hakuwa na mkopo wa kumzuia Msovieti, na vita naye hakuvitaka. Watu wapatao 200,000 wakakimbia, wengi wakaingia Austria, wengine Yugoslavia.

Hapo ndipo historia hii inaingia kambini kwetu. Shirika la UNHCR lilikuwa changa, mwanzoni lilipewa miaka 3 tu. Wakimbizi wa Hungary walikuwa dharura yake kubwa ya kwanza. Wengi wao walipelekwa nchi ya tatu, neno ambalo hapa kila mtoto analijua. Na kwa ajili ya Suez, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliunda kikosi cha kwanza chenye silaha cha kulinda amani. Kofia za bluu tulizoziona Kivu, mwanzo wake ni wiki ile. Wakubwa waligombana, na mengi tunayoishi nayo ni mabaki ya ugomvi wao.

Muungano wa Kisovieti wenyewe ulivunjika Desemba 1991 ukiwa na maelfu ya mabomu ya nyuklia ambayo hayajaguswa. Hakuna aliyeuvamia. Uchumi ulichoka kubeba jeshi, na watu walichoka kubeba uchumi. Kwa hiyo fundi redio ameshinda ubishi, ila si kwa magoli mengi, maana Budapest haikuokolewa na pesa.

Tulimrudia mama na jibu. Mashirika yanayotuhudumia hutegemea sana michango ya hiari ya serikali. Hakuna sheria inayoilazimisha serikali yoyote kutoa kiasi fulani. Anayetoa anaweza kukataa, na kukataa ndiko silaha iliyoishinda Uingereza mwaka 1956. Ndiyo mama, unga wetu una uhusiano na mambo haya.

Ila tulimwambia na lingine. Misri ilipigwa, lakini mfereji ilibaki nao, kwa sababu ilijua kile ilicho nacho kinahitajiwa na nani. Leo zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Congo, na inaingia kwenye betri za simu kama hizi tunazochaji. Shinkolobwe hatukuulizwa. Kati yetu wapo watakaorudi nyumbani kuwa walimu, wahasibu, hata wabunge. Wao wajue bei kabla ya kukaa mezani.

Mama alisikiliza mpaka mwisho, akachukua simu yake iliyojaa, akasema, "Kumbe hata Mwingereza alipanga foleni." Akaenda zake.

Jumamosi ni zamu ya China. Mwenye kitabu alete, mwenye ubishi aje nao.