Ajali Haina Kinga? Apollo 13, Ziwa Letu na Imani Yetu

Katika miaka ya karibuni, sisi tulio katika utumishi wa sharika za Bukoba na Muleba tumepata desturi mpya: kusikiliza podikasti tukiwa safarini. Barabara ya kutoka Bukoba kupitia Kemondo na Muhutwe hadi Muleba inatosha kipindi kizima, na mara nyingine mazungumzo juu ya kipindi hicho huendelea hadi kwenye kikao cha baraza la wazee. Kati ya vilivyotugusa zaidi ni vile vya BBC vilivyoitwa 13 Minutes to the Moon, ambavyo mfululizo wake wa pili, uliotolewa mwaka 2020 na kuongozwa na daktari Kevin Fong, unahusu safari ya Apollo 13. Wengi wetu tulipomaliza kusikiliza tulisema neno lile lile: Mungu aliwaokoa.

Neno hilo ni kweli, nasi hatulifuti. Lakini sisi ni watu wa ziwa. Tunaposema kwamba Mungu aliwaokoa wale watatu, kuna nyumba katika sharika zetu ambamo neno hilo linauma, kwa sababu wao pia waliomba, na wapendwa wao hawakurudi. Insha hii inajaribu kusimulia historia ile kwa uangalifu, ili tuone inamfundisha nini Mkristo wa Kagera kuhusu maombi, kazi na ajali.

Apollo 13 iliondoka Florida tarehe 11 Aprili 1970. Ndani yake walikuwamo James Lovell, Fred Haise na Jack Swigert. Swigert aliingizwa siku chache tu kabla ya safari, badala ya Ken Mattingly aliyehofiwa kuwa ameambukizwa rubela. Walikuwa wakienda kutua mwezini. Tarehe 13 Aprili usiku, kwa saa za Marekani, wakiwa zaidi ya kilomita 300,000 kutoka duniani, Swigert aliwasha feni za kukorogea oksijeni iliyokuwa katika matanki, kama alivyoagizwa na kituo cha Houston. Mlio mkubwa ukasikika. Tanki namba mbili la oksijeni lilikuwa limepasuka, na lile la kwanza likaanza kuvuja. Oksijeni hiyo haikuwa ya kupumua tu. Ndiyo pia iliyozalisha umeme na maji ya kunywa. Katika muda wa saa chache chombo kikuu, kilichoitwa Odyssey, kilikuwa kinakufa.

Walihamia katika chombo kidogo kilichokusudiwa kutua mwezini, Aquarius. Hicho kiliundwa kuwahifadhi watu wawili kwa siku mbili hivi. Sasa kilitakiwa kuwahifadhi watu watatu kwa siku karibu nne, huku wakiuzunguka mwezi bila kutua na kurudi nyumbani. Walizima karibu kila kitu. Baridi ilishuka hadi nyuzi chache tu juu ya sifuri. Maji waliyatumia kwa kubana sana, na Haise akapatwa na homa.

Hatari iliyofuata ilitoka katika pumzi zao wenyewe. Hewa chafu ambayo kila mtu huitoa kifuani ilianza kujaa chomboni, na makopo ya kuisafisha yaliyokuwamo katika Aquarius hayakutosha watu watatu. Odyssey ilikuwa na makasha ya ziada, ila yalikuwa ya mraba, nayo nafasi za Aquarius zilikuwa za mviringo. Wahandisi huko Houston walikusanya vitu ambavyo wanaanga walikuwa navyo tu: mifuko ya plastiki, majalada magumu ya vitabu vya maelekezo, mipira ya mavazi ya anga, na tepu. Walitengeneza kiunganishi, wakakijaribu, kisha wakawasomea wanaanga kwa redio hatua moja baada ya nyingine. Kilifanya kazi.

Siku hizo watu waliomba kweli kweli. Baraza la Seneti la Marekani lilipitisha azimio la kuwahimiza wananchi wasimame na kusali. Papa Paulo VI aliongoza maombi huko Roma. Tarehe 17 Aprili chombo kiliposhuka kupenya anga, ukimya wa redio ulipita muda uliotarajiwa kwa zaidi ya dakika moja, na hakuna aliyejua kama watu wale wangali hai. Kisha miavuli ikaonekana juu ya Bahari ya Pasifiki. Walipofikishwa kwenye meli Iwo Jima, kasisi wa meli aliongoza sala ya shukrani, nao wakainamisha vichwa.

Tusidhani kwamba mambo hayo ya anga yalikuwa mbali na Afrika Mashariki. Miaka minane kabla, tarehe 20 Februari 1962, John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu katika Friendship 7, moja ya vituo vilivyomsikiliza kwa redio kilikuwa Unguja. Katika safari hiyo pia hofu iliingia: ishara moja iliwaonyesha waliokuwa chini kwamba ngao ya kumkinga na moto wakati wa kushuka ilikuwa imelegea. Baadaye ilibainika kuwa ngao ilikuwa salama na kosa lilikuwa la swichi. Kituo cha Unguja kiliwatia wananchi wengi shaka, wakikidhania kuwa cha kivita, na baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 kilifungwa. Tunakikumbuka hapa kwa sababu kinaonyesha namna watu wale walivyolinda uhai: mtu mmoja akiwa juu, waliwekwa watu wa kumsikiliza kuizunguka dunia yote, hata visiwani kwetu.

Sasa tufike kwenye sehemu ambayo masimulizi mengi huipitia haraka. Baada ya kumshukuru Mungu, Wamarekani hawakuishia kwenye shukrani. Tume iliundwa chini ya Edgar Cortright, nayo ikauliza: kwa nini tanki lilipasuka? Jibu lilirudi nyuma miaka kadhaa. Tanki lile liliwahi kudondoka kiwandani kwa kimo kidogo sana, kama sentimita tano. Baadaye, katika majaribio, lilikataa kutoa oksijeni kama kawaida, hivyo mafundi wakawasha hita zake kwa saa nyingi ili oksijeni ichemke na kutoka. Swichi za kukata umeme joto linapozidi zilikuwa za volti 28, ingawa umeme uliotumika kiwanjani ulikuwa wa volti 65, na agizo la kuzibadilisha halikuwa limetekelezwa. Swichi ziligandamana. Joto likaunguza mipira ya nyaya ndani ya tanki, na hakuna aliyeona. Tanki likaenda angani likiwa tayari ni bomu. Ripoti ilitolewa Juni 1970, matanki yakaundwa upya, na Apollo 14 haikuruhusiwa kuondoka mpaka Januari 1971.

Hakuna katika tume hiyo aliyesema kwamba ajali haina kinga.

Sisi tunasema hivyo. Tunasema hivyo makaburini, na tunaongeza kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyokuwa imetoka Bukoba na kupitia Kemondo, ilipinduka ikikaribia Mwanza. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na watu 443. Daraja la tatu, la wenye nauli ndogo, halikuwa na orodha. Kwa hiyo mpaka leo tunataja idadi ya waliokufa kwa kukadiria, na mara nyingi hutajwa zaidi ya watu 800. Imesimuliwa mara nyingi kwamba meli ilipokuwa ingali inaelea kifudifudi, watu waliokuwa hai ndani yake walisikika wakigonga. Tundu lilipotobolewa ili kuwatoa, hewa iliyokuwa imeishikilia meli ikatoka, nayo ikazama.

Msomaji aliyefuatilia habari ya makopo na mifuko ya plastiki anaona tofauti. Kule, hewa ya watu watatu ilihesabiwa saa kwa saa, na majina yao yalijulikana ulimwengu mzima. Huku kwetu, mama aliyepandia Kemondo na mkungu wake wa ndizi hakuandikwa popote. Je, tunaweza kumwambia Mungu kwamba tofauti hiyo ni kazi yake? Kanisa likisema hivyo juu ya jeneza, linamtwika Mungu makosa ya mtu aliyekata tiketi kupita kiasi, na linamnyamazisha mfiwa aliyekuwa na haki ya kuuliza. Na ziwa halikukoma kutudai: Septemba 2018, MV Nyerere ilizama karibu na Ukara ikiwa imezidisha abiria, na watu 228 walikufa.

Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 27, kinatupa njia nyingine. Paulo yuko katika merikebu yenye watu 276, dhoruba imewapiga siku nyingi. Malaika amemwahidi kwamba hakuna hata mmoja atakayepotea. Ahadi ya Mungu imekwisha kutolewa. Hata hivyo, mabaharia wanapojaribu kutoroka kwa mashua ndogo, wakisingizia kushusha nanga, Paulo anamwonya akida kwamba watu hao wasipobaki ndani ya merikebu, wengine hawawezi kuokoka. Askari wanakata kamba za mashua. Paulo haoni ugomvi kati ya ahadi ya Mungu na ustadi wa baharia. Anajua kwamba Mungu aliyeahidi ndiye pia aliyewaweka mabaharia mle ndani, na kwamba baharia anayeacha zamu yake anawahatarisha wote. Mwishoni wengine wanaogelea, wengine wanashika mbao, na wote wanafika nchi kavu.

Martin Luther alifundisha jambo hilo hilo alipoeleza wito. Kazi za viumbe aliziita vinyago ambavyo Mungu amejificha nyuma yake. Katika Katekisimu Kubwa ya mwaka 1529, akiifafanua amri ya tano, anaeleza kwamba mtu anayemwona mwenzake akizama majini na kuweza kumnyoshea mkono, lakini asifanye hivyo, ana hatia ya kuua. Sisi Walutheri tunaoishi kando ya ziwa tungepaswa kuwa wa kwanza kuyajua maneno hayo.

Na wapo miongoni mwetu walioyatenda bila kuyasoma. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air yenye watu 43 ilianguka ziwani ikijaribu kutua Bukoba. Watu 19 walifariki, wakiwamo marubani wote wawili, 24 waliokolewa. Waliofika mapema walikuwa wavuvi kwa mitumbwi yao. Tunapowashukuru hatumwibii Mungu utukufu. Mikono yake ilikuwa pale, ikinuka samaki. Lakini mvuvi mwenye moyo hawezi kuwa mpango mzima wa uokoaji wa mji, nayo shukrani haiondoi wajibu wa kuuliza ni nini kilikosekana.

Kwa nini basi Apollo 13 ilirudi, na wanaanga watatu wa Soyuz 11 wakafa mwaka 1971 hewa ilipovuja? Kwa nini wengine wa MV Bukoba waliogelea wakapona na wengine la? Hilo hatuwezi kulijibu, na mchungaji asijaribu kulijibu mbele ya wafiwa. Tunamwamini Kristo aliyekufa akilia, ambaye hawaachi waliozama. Ila swali la kwa nini tanki lilipasuka lina jibu, na swali la kwa nini meli ilijazwa lina jibu. Maswali ya namna hiyo tusiyafunike kwa maneno matakatifu.

Tunapendekeza mambo matatu kwa sharika zetu. Ibada za kila tarehe 21 Mei zitaje majina yote tunayoyajua, hasa ya wale wasioandikwa, na wazee wa kanisa wayakusanye nyumba kwa nyumba wakati mashahidi wangali hai. Kwaya au vijana wakisafiri kwenda visiwani, kiongozi aandike orodha ya wasafiri na kuiacha ofisini, na boti isiyo na maboya ya kutosha wasiipande, hata kama mkutano utachelewa. Na kwenye mazishi ya waliokufa kwa ajali, tuseme kwamba Mungu yupo pamoja nasi katika huzuni hii. Kama kosa lilikuwa la binadamu, tuliite kosa, tuombe toba, na tumwambie anayehusika alirekebishe kabla meli nyingine haijang'oa nanga.