Treni Ndogo, Soko Kubwa: Zaidi ya Miaka 130 ya Kununua Reli Kipande kwa Kipande

Usiku mmoja wa Januari 2005, wezi walivunja makumbusho ya kampuni ya Märklin mjini Göppingen, kusini mwa Ujerumani, wakaondoka na shehena ya vitu vya kuchezea. Zilikuwa treni za bati, baadhi zikiwa na umri wa karibu miaka mia, na thamani yake ilikadiriwa kuwa takriban euro milioni 1. Machi mwaka huohuo polisi walizipata. Wengi waliosikia habari hiyo walistaajabu kwamba kuna mtu anayehatarisha uhuru wake kwa ajili ya treni za watoto. Wakusanyaji hawakustaajabu hata kidogo. Wao wanajua kwamba injini ya bati iliyouzwa dukani kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ikiwa bado na rangi yake ya kwanza, inaweza kupigwa mnada kwa bei ya gari zuri.

Thamani hiyo ina chanzo chake, nacho kimo mjini humohumo Göppingen.

Mwaka 1859 fundi bati Theodor Friedrich Wilhelm Märklin alianza kutengeneza vyombo vya jikoni vya nyumba za wanasesere. Mkewe, Caroline, ndiye aliyezunguka kuvitafutia wateja, kazi ambayo zama zile ilikuwa nadra kufanywa na mwanamke. Mumewe alipofariki mwaka 1866, Caroline aliishikilia biashara isife hadi wanawe walipoichukua mwaka 1888. Biashara ya nyumba za wanasesere iliwafundisha jambo moja kubwa: mtoto aliyepewa jiko la kuchezea Krismasi hii, Krismasi ijayo atataka sufuria, mwaka wa tatu birika, wa nne meza na viti. Mteja akishaingia, anarudi mwenyewe.

Wana wa Märklin waliipeleka hekima hiyo kwenye reli. Katika maonyesho ya biashara ya Leipzig mwaka 1891 walileta treni ya springi, inayotiwa ufunguo kama saa ya mezani, ikizunguka juu ya reli zilizopangwa kwa umbo la tarakimu nane. Treni za kuchezea zilikuwepo tangu zamani, zikiwemo za kuvuta kwa kamba. Jipya lilikuwa mpango wenyewe. Reli ziliuzwa vipandevipande, zilizonyooka na zilizopinda, pamoja na njia za mchepuko, na upana wake ukapewa namba. Namba 1 ikaja kuwa milimita 45 kati ya reli na reli. Namba 0, iliyofuata baadaye, milimita 32. Baba aliyenunua duara moja la reli leo alikuwa na hakika kwamba behewa atakalonunua miaka mitano baadaye litapita humohumo. Viwanda vingine viliufuata mfumo huo, na bila uamuzi ule wa Leipzig pengine treni ingebaki kuwa kitu cha kuchezea msimu mmoja na kutupwa.

Nuremberg, mji uliokuwa kitovu cha biashara ya vitu vya kuchezea duniani, haukubaki nyuma. Viwanda vya Bing na Carette vilitoa treni za bati kwa wingi, na mteja wao mkubwa akawa Mwingereza, W. J. Bassett-Lowke wa Northampton. Huyu aliona kwamba Waingereza wangelipa zaidi wakipata treni zinazofanana na zile wanazoziona kwenye stesheni zao. Akawaagiza Wajerumani watengeneze injini zenye rangi na alama za kampuni za reli za Uingereza, kisha akaziuza kwa katalogi iliyotumwa kwa posta. Mtu mzima mwenye fedha zake, aliyepanda treni ya kampuni fulani kila asubuhi kwenda kazini, sasa aliweza kuimiliki treni hiyohiyo nyumbani kwake. Hapo uraibu huu ulianza kuvuka kutoka kwa watoto kwenda kwa wakubwa.

Vita vya mwaka 1914 viliikata njia hiyo. Bidhaa za Ujerumani zikakosa soko Uingereza, na Frank Hornby wa Liverpool akaiona nafasi. Hornby alikwisha kujipatia jina kwa Meccano, vyuma vyenye matundu ambavyo watoto waliviunga kwa skrubu na nati kuwa madaraja na winchi. Treni zake za kwanza, za mwaka 1920, nazo ziliungwa kwa nati, zikaweza kufunguliwa na kuundwa upya.

Ng'ambo ya Atlantiki mambo yalianzia kwenye dirisha la duka. Joshua Lionel Cowen wa New York, aliyeanzisha kampuni ya Lionel mwaka 1900, alikuwa na mota ndogo aliyoiunda kwa ajili ya feni. Aliifunga chini ya kigari cha mbao kisicho na paa, akakiweka juu ya reli na kumwuzia mwenye duka ili kizunguke dirishani na kuwavuta wapita njia. Cowen mwenyewe alisimulia kwamba bidhaa zilizopangwa pale hazikumshughulisha mtu; watu waliingia dukani kuuliza bei ya kigari. Kufikia mwaka 1906 alikuwa ameleta reli za vyuma vitatu, cha katikati kikipitisha umeme. Upana wake haukulingana na wa mtu mwingine yeyote, naye akaunadi kuwa ndio kipimo rasmi cha dunia nzima. Aliyenunua reli za Lionel alibanwa na Lionel.

Mdororo mkubwa wa uchumi wa miaka ya 1930 nusura uizike kampuni hiyo. Mwaka 1934 ilikuwa chini ya msimamizi wa mahakama. Ndipo ilipotoa kigari cha springi kilichopandwa na Mickey na Minnie Mouse, wakipampu mpini kwa zamu, kwa bei ya dola 1 pamoja na reli zake. Viliuzwa zaidi ya 250,000. Simulizi maarufu husema Mickey ndiye aliyeiokoa Lionel. Ukweli ni kwamba mauzo ya treni zenyewe nayo yalisaidia. Leo kigari hicho kikiwa kizima na boksi lake ni kitu cha kutunzwa kwenye kabati la kioo.

Kisha vita tena. Mwaka 1942 serikali ya Marekani ilisitisha utengenezaji wa treni za kuchezea ili chuma kiende vitani, na Lionel ikageukia dira na vifaa vya usafiri wa majini. Ili jina lisisahaulike, mwaka 1943 iliuza treni ya karatasi ngumu. Mzazi alitakiwa kuchomoa vipande na kuvikunja kimoja kimoja, kazi iliyowashinda wengi. Kwa sababu hiyo seti ambazo hazikuguswa ndizo zinazotafutwa sasa.

Miaka iliyofuata vita ilikuwa neema tupu. Treni ya Lionel chini ya mti wa Krismasi ilikuwa sehemu ya utoto wa Mmarekani wa kipato cha kati, na kampuni ikawa miongoni mwa watengenezaji wakubwa kabisa wa vitu vya kuchezea duniani. Mwaka 1957 ikajaribu kuwavuta wasichana kwa treni yenye injini ya waridi na mabehewa ya rangi laini za samawati, manjano na zambarau. Haikununuliwa. Wasichana waliopenda treni walitaka ifanane na treni ya kweli, kama ya kaka zao. Zilizosalia ni chache, kila mkusanyaji wa Lionel anaiota, na wapo wanaozipaka rangi injini za kawaida ili kuwauzia wasiojua.

Mwanguko ulikuja kwa kasi. Barabara kuu na ndege ziliwanyang'anya abiria reli za kweli, televisheni ikawavuta watoto sebuleni, na mwaka 1959 Cowen aliuza hisa zake.

Tangu kabla ya vita, treni zenyewe zilikuwa zikipungua ukubwa, maana nyumba za mijini hazikuwa na nafasi. Märklin ilitoa treni ya milimita 16.5 mwaka 1935, kipimo kilichokuja kuitwa H0, yaani nusu ya sifuri, ambapo kila kitu ni sehemu 1 kwa 87 ya kitu halisi. Hornby ilifuata mwaka 1938 kwa treni zake za Dublo, lakini kwa hitilafu inayowakera wapenzi wa usahihi mpaka leo. Treni za Uingereza ni nyembamba kuliko za bara la Ulaya, na mota za wakati ule hazikuenea ndani. Wakapanua bodi hadi 1 kwa 76, ila reli wakaiacha vilevile. Matokeo yake, treni nyingi za Kiingereza za mezani zinatembea juu ya reli nyembamba kuliko inavyostahili. Baadaye kikaja kipimo cha N cha milimita 9, na mwaka 1972 Märklin ikatoa Z ya milimita 6.5, inayoweza kuenea ndani ya mkoba.

Mwaka 1968 kampuni ya Lehmann ya Nuremberg ilikwenda kinyume kwa treni kubwa za LGB, zinazoweza kuzunguka bustanini kwenye mvua. Reli yake ni milimita 45 kwa uwiano wa 1 kwa 22.5, ukizidisha utapata takriban mita 1, upana uleule wa reli ya zamani ya Mombasa hadi Kisumu na ile ya Dar es Salaam hadi Kigoma. Anayetaka kuunda treni za Afrika Mashariki kwa uwiano sahihi anaweza kuanzia hapo, au kwenye reli ya milimita 12 inayotumika kwa treni za upana wa mita katika H0. Cha kuigiza kipo: injini za Garratt za daraja la 59, zilizoundwa na Beyer, Peacock ya Manchester miaka ya 1955 na 1956 na kupewa majina ya milima, ndizo zilizokuwa injini kubwa kuliko zote za mvuke kwenye reli ya upana huo. Mojawapo, Mount Gelai, imo katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi.

Watoto wa enzi ya neema walipokuwa wakubwa, walianza kununua upya walichopoteza. Chama cha wakusanyaji wa Marekani, Train Collectors Association, kilianzishwa mwaka 1954 katika jimbo la Pennsylvania, na mikutano inayofanyika mjini York, jimboni humo, kila Aprili na Oktoba huvuta maelfu ya watu. Chama hicho kiliweka madaraja ya hali ya treni, kuanzia mpya kabisa hadi mbovu. Ni kazi ya maana sana, kwani bila lugha moja ya ubora mnunuzi wa mbali hana kinga.

Mnunuzi mzoefu huipindua injini kwanza. Hutazama magurudumu, maana yaliyolika yanaonyesha ilikimbizwa kiasi gani. Halafu huchunguza vichwa vya skrubu: mkwaruzo kwenye mfereji ni ishara kwamba iliwahi kufunguliwa, na rangi iliyojaa ndani yake inaonyesha imepakwa upya. Kisha hutafuta ugonjwa wa zinki. Injini nyingi za kabla ya vita ziliundwa kwa zinki ya kumiminwa iliyochanganyika na risasi kidogo, na uchafu huo huila metali polepole kutoka ndani. Bodi huvimba, hupasuka kama udongo wa kiangazi, na mwisho humeguka mkononi. Haina tiba. Boksi nalo hukaguliwa, kwa sababu kadibodi ambayo mtoto wa mwaka 1938 alitakiwa kuitupa inaweza kuongeza bei kwa kiasi kikubwa.

Wenye viwanda wamepita kwenye misukosuko. Lionel iliuzwa na kuuzwa tena. Mwaka 1995 miongoni mwa wanunuzi alikuwa mwanamuziki Neil Young, aliyekuwa amesaidia kubuni kidhibiti cha mbali ili mwanawe mwenye mtindio wa ubongo aweze kuendesha treni mwenyewe. Uzalishaji wa Lionel na Hornby ulihamia Asia. Märklin iliomba ulinzi wa kufilisika Februari 2009, mwaka ambao ingesherehekea miaka 150, kisha mwaka 2013 ikanunuliwa na kundi la Simba Dickie. Imesalimika kwa kuwategemea wanachama wa klabu yake, wanaotengenezewa treni zisizouzwa kwa mtu mwingine, na kwa kutoivunja ahadi ya awali: injini yake ya H0 ya miaka ya 1950 bado inaweza kutembea juu ya reli zinazouzwa leo. Ni kampuni chache za vitu vya kuchezea zinazoweza kusema hivyo.

Wasiwasi kwamba wapenzi wa treni hizi wanazeeka ni wa kweli, lakini huo si mwisho wa habari. Miniatur Wunderland ya Hamburg, iliyofunguliwa na ndugu Frederik na Gerrit Braun mwaka 2001 kwenye maghala ya zamani ya bandari, ina zaidi ya kilomita 15 za reli za H0 na hupokea wageni zaidi ya milioni 1 kwa mwaka, familia nyingi zikiwa na watoto wadogo.

Kwa msomaji aliyerithi treni ya bati kutoka kwa mzazi au aliyeiokota kwenye mnada wa vitu vya nyumbani, ushauri wa wakusanyaji ni mmoja. Usiipake rangi. Usiisugue kwa sabuni wala kuifungua kabla ya kuonana na anayeijua, iweke mahali pakavu, na boksi lake, hata likiwa limechanika, usilitupe.