Pesa Iliyokatwa Kabla Haijafika

Kila mwisho wa mwezi binamu yangu, mwalimu hapa Siakago, hunitumia picha ya karatasi yake ya mshahara tucheke. Juu kuna tarakimu safi kabisa. Chini yake makato yamepanga foleni: kodi, sacco, benki, HELB. Kinachobaki, anasema, ni nauli ya kurudi kazini.

Mpaka upo. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema makato yote yasizidi thuluthi mbili za mshahara, yaani thuluthi moja lazima ikufikie. Soma hiyo ukikumbuka vile wazee wetu walianzana na mshahara.

Waingereza waliiteka Embu mwaka 1906, na kodi ya vibanda ikafuata. Mwenye mbuzi na mtama ikabidi atafute rupia, na rupia zilikuwa kwa mashamba ya walowezi. Kwa hivyo deni lilitangulia, kazi ikaja baadaye. Kuanzia karibu 1920 mwanamume alivaa kipande shingoni ndani ya kikebe cha chuma: jina lake, alama za vidole, mwajiri, mshahara. Ukitoroka kazi, kipande kinakuchoma.

Sasa ruka hadi 1974, serikali ilipoanza kukopesha wanafunzi wa chuo kikuu. Wengi walihitimu wakayeyuka, na hakukuwa na chombo cha maana cha kuwafuata. Mwaka 1995 Bunge likapitisha sheria ya HELB, na dawa iliyopatikana ilikuwa ile ya zamani: mpitie mwajiri. Mwajiri analazimika kukata na kupeleka. Usipolipa, faini ni shilingi 5,000 kila mwezi.

Hapo ndipo mimi hushtuka. Benki inayokudai deni la kadi ya mkopo, kama hukuiruhusu ikukate, sharti kwanza iende kortini ishinde kesi ndipo iguse mshahara wako. HELB haihitaji hakimu. Karatasi ya mshahara inatosha.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Mkopo ulinifuata nyumbani, mwajiri sina. Nalipwa kwa makala, kwa simu. Majirani wanauza muguka, pesa mkononi, na hakuna mtu wa kati wa kuambiwa akate.

"Wewe ndiye tajiri," binamu aliniambia juzi. "Hakuna anayekukata."

Nilicheka. Halafu nikafungua simu kuangalia deni limefika ngapi.