Je, Mtoto Alilia?

Mama akija kliniki na mtoto ambaye shingo haijakaza, sisi wakunga swali letu la kwanza ni moja: alilia alipozaliwa? Nimestaafu nikiwa bado naliuliza. Aliyetuachia swali hilo ni William John Little, daktari wa London, ambaye mwenyewe alikulia na mguu uliopinda mpaka mwaka 1836, Mjerumani Stromeyer alipomkata kano huko Hanover, ukanyooka.

Mwaka 1861 Little alisimama mbele ya madaktari wa uzazi wa London akaeleza habari za watoto waliokakamaa miguu, magoti yanabanana, wakitembea kwa vidole. Alipochimba historia zao alikuta uchungu wa muda mrefu, watoto njiti, na waliozaliwa bila kupumua. Mtindio wa ubongo wa namna hiyo ukaitwa ugonjwa wa Little, na lawama ikahamia leba.

Aliyempinga ni Sigmund Freud. Ndiyo, huyo huyo wa kufasiri ndoto; kabla ya ndoto alikuwa akitibu watoto wenye maradhi ya neva huko Vienna. Katika kitabu chake cha 1897 alihoji: watoto hawa mbona wengi wana kifafa pia, na akili nzito? Huenda ubongo ulishaharibika tumboni, na uzazi mgumu ni dalili tu. Hakusikilizwa, na sishangai. Leba ina mashahidi, tumbo halina.

Mwaka 1986 Karin Nelson na Jonas Ellenberg wa Marekani, waliopitia kumbukumbu za makumi ya maelfu ya mimba, walionyesha kwamba watoto wengi wenye mtindio hawakukosa hewa walipozaliwa. Hilo lisitupe usingizi sisi wa huku. Mama anayefikishwa hospitali kwa bodaboda baada ya siku mbili za uchungu, mtoto wake anaweza kuumia pale pale leba. Na kuna malaria ya ubongo, inayompata mtoto aliyezaliwa mzima kabisa.

Chanzo cha mtindio ninachopenda kukisimulia ni manjano ya mtoto mchanga, kwa sababu aliyefumbua njia ya kukizuia ni muuguzi. Katika miaka ya 1950, hospitali ya Rochford, Uingereza, Sista Ward alikuwa akiwatoa njiti uani waote jua. Siku moja aliwafunulia madaktari mtoto mmoja: ngozi imetakata, ila kipande kimoja kimebaki njano. Pembe ya shuka ilikuwa imekifunika. Ikagundulika kwamba mwanga huivunja ile rangi ya njano ambayo, ikizidi, huingia ubongoni na kuuharibu. Taa za buluu za wodini zilianzia hapo.

Wodini kwangu mabibi walikuwa wakija kumwona mjukuu chini ya taa, wanamwonea huruma kwa kulala uchi, wanamtupia kanga. Nikigeuka tu, kanga ipo. Nilikuwa naiondoa, nawakalisha, nawapa habari za ile pembe ya shuka.